Nikilia kweli hawalii, nikiwaza nauli wanalia: nani anaigiza, akili au mwili?

"Shikamoo mwalimu. Niko kwenye kikundi cha maigizo hapa Tanga. Tunacheza igizo tulilotunga wenyewe, na mimi ni mama anayeletewa habari kwamba mwanawe kafia baharini. Habari inanikuta nimekaa mkekani nachambua mchele. Mwongozaji wetu hataki tuigize, anataka tuhisi. Aliniambia nikifika hapo nimfikirie marehemu baba, ambaye tulimzika miezi minne iliyopita. Onyesho la kwanza nilimfikiria, nikalia kwelikweli hadi maneno yakanipotea, mwenzangu akayasema ya kwake na ya kwangu. Watu walinitazama tu, na nyuma kuna waliocheka. Onyesho la tatu nilikuwa nimechoka, sikumfikiria baba wala mtu yeyote. Nilikuwa nawaza kama nitaikuta daladala ya mwisho na kama nauli itatosha. Mikono ikaendelea kuchambua mchele yenyewe. Ukumbi mzima ulilia, na mwongozaji akaniambia, 'Leo umehisi.' Nilinyamaza. Tangu siku hiyo najiona mnafiki. Halafu tangu onyesho la kwanza sipati usingizi vizuri, nikirudi nyumbani mikono inatetemeka, na mara mbili nikiwa jukwaani nimejiona kama niko pembeni najitazama. Mama anasema naacha mlango wazi, kitu kitaingia. Naomba unifafanulie: mtu akiwa jukwaani, anayeigiza ni nani, akili au mwili? Na mimi mwenyewe ninakuwa wapi?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na baba. Naanza na pole kwa sababu katika yote uliyoandika hilo ndilo zito kuliko mengine, nawe umelipitisha katikati ya maelezo kama kwamba lilikuwa la njiani tu. Nitalirudia, na nitakapolirudia naomba usome polepole.

Nimekuelewa hivi. Unaogopa kwamba usiku wa tatu uliwadanganya watu, maana walilia na wewe hukuwa na huzuni. Unaogopa pia kwamba mwili wako umeanza kufanya mambo bila kukuuliza: unachambua mchele peke yake, unatetemeka nyumbani, na unakuacha pembeni ukijitazama. Na chini ya hofu hizo mbili kuna swali la falsafa hasa, ambalo waigizaji na wanafalsafa wamelibishania tangu zamani na bado wanalibishania. Hujauliza swali la kitoto hata kidogo.

Tuanze na lile linalokuumiza, unafiki. Hapo kuna dhana ambayo umeipokea bila kuikagua, nayo ni kwamba hisia ya mwigizaji husafiri yenyewe kutoka kifuani mwake hadi kifuani mwa mtazamaji. Kwamba ukiwa na huzuni ya kweli wataipata, na usipokuwa nayo wamepata kitu bandia. Lakini aliyekaa safu ya tano hana njia ya kuingia kifuani mwako. Ana macho na masikio. Anachokipata ni pumzi yako, shingo yako, mahali unapotazama, unachofanya na mikono, na neno linalofika au lisilofika. Kutokana na hayo yeye mwenyewe anaijenga huzuni ya yule mama ndani yake.

Sasa rudi kwenye onyesho la kwanza ujitazame kwa macho yake. Mtu akilia kweli koo hubana, pumzi hukatika, sauti hupanda ikawa nyembamba, kidevu hushuka kifuani na uso hufichika. Wewe ulikuwa na baba yako, na hilo ni la kweli kabisa, lakini baba yako hakuwamo kwenye igizo. Ukumbini walimwona binti aliyekwama na mwenzake anayehangaika kumwokoa. Wakaacha kumhurumia yule mama wa baharini, wakaanza kuwa na wasiwasi juu yako. Waliocheka nyuma usiwahesabu kuwa katili. Watu wakishindwa kujua kama wanachokiona ni igizo au ajali, aibu huwatoka kwa kicheko.

Usiku wa tatu waliona nini? Mama ameambiwa mwanawe amekufa, na mikono yake inaendelea kutoa chuya kwenye ungo. Jambo hilo linatisha. Kila aliyewahi kuwa msibani anamjua mtu wa namna hiyo, ambaye habari imefika masikioni lakini mwili bado haujaipokea. Ukumbi ulilia kwa sababu watazamaji waliielewa habari kabla ya yule mama kuielewa, wakawa wanambebea. Hukuwanyang'anya machozi kwa hila. Uliwaachia kazi yao waifanye.

Mwandishi Mfaransa Denis Diderot angefurahi sana kuisoma barua yako. Katika miaka ya 1770 aliandika majadiliano juu ya fumbo hili hili, yakachapishwa mwaka 1830, yeye akiwa amekwisha kufa tangu 1784. Hoja yake ilikuwa kwamba mwigizaji mkubwa hahisi kitu anapoigiza. Anayetegemea hisia atakuwa moto leo na barafu kesho, lakini mwenye kichwa kilichotulia atakuwa mzuri kila usiku. Ushahidi wake alioupenda ni David Garrick, mwigizaji wa Uingereza aliyetembelea Paris miaka ya 1760. Garrick alichomoza kichwa katikati ya mbao mbili za mlango, na ndani ya sekunde chache uso wake ukatoka kwenye furaha ya kichaa, ukapita kwenye utulivu, mshangao, huzuni na hofu hadi kukata tamaa, kisha ukapanda tena ngazi ile ile hadi ulikoanzia. Diderot akauliza: inawezekana kweli moyo wake ulipita kote huko kwa muda ule?

Upande wa pili wa ubishi una mashahidi wa kale zaidi. Mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius anasimulia habari za Polus, mwigizaji wa Ugiriki aliyefiwa na mwanawe. Aliporudi jukwaani mjini Athens alipewa nafasi ya Elektra, dada anayelilia chungu chenye majivu ya kaka yake. Polus akaenda kaburini, akachukua chungu chenye majivu ya mwanawe mwenyewe, akakikumbatia mbele ya watu na kulia kilio kisicho cha kuigiza. Hiyo ndiyo njia aliyokuelekeza mwongozaji wako, na kama unavyoona haikuanza jana. Lakini weka karibu yake kisa anachokisimulia Plutarko, mwandishi wa kale wa Ugiriki, juu ya Aesopus, mwigizaji wa Roma. Alikuwa akicheza mfalme anayepanga kisasi, akazama mno, na mtumishi mmoja alipokatiza jukwaani akampiga kwa fimbo ya kifalme, akamuua. Visa hivi viwili nawasimulia wanafunzi wangu pamoja, kwa sababu kila anayevutiwa na Polus anapaswa kujua kwamba njia ile ile ina mahali pa kumfikia Aesopus.

Ukiwatazama vizuri Diderot na mwongozaji wako, utaona wanagombana huku wamesimama juu ya ubao mmoja. Wote wawili wanaamini kuna kitu ndani kinachoamuru na mwili nje unaotii. Kwa Diderot kinachoamuru ni akili baridi, kwa mwongozaji wako ni hisia moto. Usiku wako wa tatu unawakanusha wote wawili. Akili yako haikuwa ikiamuru chochote, ilikuwa kituo cha daladala. Hisia haikuwapo, wewe mwenyewe umesema. Na bado mikono ilifanya jambo sahihi, kwa mwendo sahihi, kwa wakati wake. Kwa hiyo kuna kitu ambacho ubishi huo umekisahau, nacho ni mwili wenyewe.

Mwanafalsafa Maurice Merleau-Ponty, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1945, alikataa kuuweka mwili kwenye orodha ya vitu ninavyovimiliki. Mwili wangu, alisema, ndio ninaoingilia duniani. Kabla sijawaza juu ya kikombe mkono umeshajipanga kukishika. Mtazame msusi anayesuka mabutu huku anasimulia habari za mtaa mzima. Vidole vinagawa nywele, vinavuta, vinahesabu, na ukimuuliza sasa hivi umeshika fungu la ngapi atalazimika kusimama ndipo akujibu. Huwezi kusema vidole vile havina fahamu, maana vikikutana na fundo vinajirekebisha vyenyewe. Fahamu imo humo humo, katika kufanya. Wewe ulikaa mkekani na ungo majuma mengi ya mazoezi. Mikono yako ilijifunza mama yule kabla kichwa chako hakijamwelewa.

Kuna na jingine linalojulikana vizuri kwa watu wanaochunguza michezo na muziki. Kazi ambayo mwili umeizoea huvurugika pale unapoanza kuisimamia hatua kwa hatua. Mpiga penalti anayefikiria kifundo cha mguu wake hukosa goli. Onyesho la kwanza ulikuwa unajisimamia: je, nahisi? imekuja? bado? Onyesho la tatu msimamizi huyo alikuwa ameshughulishwa na nauli, akaiacha mikono ifanye kazi yake. Nadhani pia uchovu ulikupunguzia mwendo, na mwendo mdogo ulimfaa yule mama. Halafu nitasema jambo ambalo siwezi kulithibitisha lakini ninaliamini: mtu aliyezika mzazi miezi minne iliyopita anakaa mkekani kwa namna ambayo asiyefiwa hakai. Huzuni yako ilikuwapo usiku ule, mabegani na kwenye pumzi, bila wewe kuiita.

Hapo tunaingia kwenye uhusiano wa mwili na hisia. Mwaka 1884 mwanasaikolojia wa Marekani William James aliandika jambo lililowachekesha wengi: tunadhani tunalia kwa sababu tuna huzuni, kumbe tuna huzuni kwa sababu tunalia. Kwake hisia ni mwili kujisikia wenyewe. Mwaka uliofuata daktari wa Denmark, Carl Lange, akatoa hoja iliyokaribia hiyo. Ilizidishwa chumvi. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon aliipinga vikali mwaka 1927, akionyesha kwamba moyo na tumbo hujibu kwa namna inayofanana mno katika hasira, hofu na hata homa, kiasi kwamba haviwezi peke yake kueleza tofauti za hisia. Hata ule utafiti mashuhuri wa 1988 wa watu walioshika kalamu kwa meno ili misuli ya tabasamu ifanye kazi, wakaona katuni zinachekesha zaidi, uliporudiwa na maabara 17 mwaka 2016 haukutoa matokeo yale. Mwaka 2022 watafiti wa nchi 19 walipima tena kwa njia kadhaa, wakakuta kwamba kuuweka uso katika tabasamu kunaongeza furaha, ila kidogo. Nakupa yote haya kwa uwazi kwa sababu utakutana na walimu watakaokuahidi kwamba ukivuta pumzi hivi na kukunja uso vile huzuni itashuka kama mvua. Haishuki kihivyo. Mwili unaifungulia hisia njia, hauilazimishi.

Mtu aliyeishi na jambo hili kwa vitendo kuliko wote ni Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeanzisha ukumbi wa sanaa wa Moscow mwaka 1898 pamoja na Nemirovich-Danchenko. Mwongozaji wako anatumia sehemu ya kwanza ya maisha yake. Stanislavski aliwahi kuwataka waigizaji wachimbe kumbukumbu zao wenyewe, wazo alilolipata kwa mwanasaikolojia wa Ufaransa, Théodule Ribot. Lakini hakubaki hapo. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa akiwaambia waigizaji waanze na matendo madogo ya mwili, yaliyo wazi na yenye sababu: fungua barua, tafuta ufunguo, mzuie asitoke. Aliona kwamba hisia ikiamrishwa hukimbia, lakini mtu akishughulika kwa dhati na jambo lililo mbele yake, mara nyingi huja yenyewe na kukaa. Mwigizaji wa Marekani Stella Adler alikutana naye Paris mwaka 1934, akarudi New York na kuwaambia wenzake kwamba mzee amehama. Mwenzake Lee Strasberg hakukubali, akaendelea na kumbukumbu za hisia, na shule hizo mbili zimegawana waigizaji wa Marekani hadi leo. Ila zingatia: hata Strasberg, mtetezi mkuu wa njia hiyo, alishauri tukio la kukumbukwa liwe limepita miaka 7 hivi. Baba yako ana miezi minne.

Kwa hiyo hapa sitapima pande mbili. Usimtumie baba yako kwenye igizo hili. Kama fundi nakwambia haifanyi kazi, umekwisha kuona. Kama mtu mzima nakwambia huzuni mbichi ina kazi yake ya kufanya ndani yako, na haipaswi kuitwa kila jioni kwa saa maalumu ili watu wapige makofi. Ukiifanya hivyo mara nyingi, moja kati ya mawili hutokea: ama inakushinda jukwaani, ama inakauka, na siku unayotaka kumlilia baba yako kweli unajikuta unajisikiliza kama unalia vizuri. La pili ndilo ninalolihofia zaidi.

Uliuliza wewe unakuwa wapi. Mwitalia Tommaso Salvini, aliyetikisa Ulaya kwa kucheza Othello, alisema mwigizaji huishi, hulia na hucheka jukwaani, na wakati huo huo huyatazama machozi na kicheko chake. Huko Japani, miaka mingi kabla yake, Zeami, mwalimu mkuu wa maigizo ya Noh, alifundisha karibu mwaka 1424 kwamba mchezaji ajione kwa jicho la watazamaji, hata mgongo wake aujue, na kwamba moyo ukienda kumi mwili uende saba. Unapojiona kwa pembeni unaweza kuwa umeingia mahali ambapo watu hao walihangaika miaka mingi kupafikia. Fahamu ya mwigizaji jukwaani haiko mahali pamoja. Sehemu iko kwenye ungo, sehemu kwa mwenzako anayeleta habari, sehemu inasikia kikohozi cha mtu ukumbini na kungoja kipite kabla ya kutamka neno, na sehemu ndogo iko juu ya yote inaangalia muda. Wewe ni mkusanyiko huo wote. Hakuna chumba cha siri nyuma yake alikojificha wewe halisi akiwacheka watu.

Na usidhani kugawanyika huku ni kwa jukwaani tu. Umetoka msibani juzi, kumbuka ulichokiona. Jirani anafika, bado yuko mlangoni anaangua kilio, anashikwa mkono, anapangusa machozi, anakalishwa mkekani. Baada ya muda anainama sikioni mwa mwenzake kuuliza kama maji ya chai yanatosha na nani amefuata sufuria kubwa. Hakuna anayemwita mnafiki. Kilio chake kilikuwa na desturi yake na mahali pake, na kilikuwa cha kweli. Hata mfiwa mwenyewe, katikati ya uchungu, hujikuta anaona kwamba turubai limefungwa vibaya upande mmoja. Binadamu anaweza kuumia na kuona kwa pamoja. Mnafiki ni yule anayemfanya mwenzake aamini uongo ili apate faida kwake. Waliokuja kwenye onyesho lenu walijua wamekuja kuona igizo, na walichokipata ni ukweli juu ya akina mama wanaopoteza watoto baharini, ambao Tanga mnao wa kutosha.

Sasa kazi. Kabla sijasahau: usijaribu kuwaza nauli kila usiku ukitumaini muujiza ule utajirudia. Ule ulikuwa bahati ya siku moja, na ukiufanya kanuni, kufikia onyesho la sita mikono itakuwa imekufa na watu wataona. Unachohitaji ni kitu kilichomo ndani ya igizo kinachoweza kuishika akili yako kama nauli ilivyoishika. Waombe wenzako mchele wa kwenye ungo uwe na chuya za kweli na vijiwe vya kweli, vipya kila onyesho, usiwe mchele wa dukani uliokwisha safishwa. Jipe kazi: kabla mwenzako hajafika, ungo uwe safi, maana usiku huu mwanao anarudi na atakula. Zitafute kweli hizo chuya. Mwenzako akianza kusema, msikilize huku unatafuta, na umtazame mdomoni, kwa sababu yule mama ana sababu nzuri ya kutoamini anachokisikia. Kisha mkae na mwongozaji muamue kwa pamoja mikono inasimama wapi. Je, ni kwenye jina la mwana, au sentensi mbili baadaye? Vidole vinabaki vimeshika chuya, au vinairudisha kwenye mchele? Ukiirudisha chuya kwenye mchele uliousafisha mwenyewe, umesema yote, na hata usipotoa chozi hakuna atakayedai chozi.

Faida nyingine ni kwamba maneno hayatakukimbia tena. Watafiti wa Marekani Helga na Tony Noice, ambao wamewachunguza waigizaji kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba maneno yaliyofundishwa pamoja na mwendo wa mwili hukumbukwa vizuri kuliko yale yaliyosemwa umekaa tu. Kila neno lako lipate mahali pake mkononi.

Nisingependa pia uende upande wa pili kabisa, ukawa fundi wa ishara tupu. Ufundi bila kujali huonekana. Ikiwa siku moja huzuni itakuja yenyewe ukiwa kwenye ungo, iache ipite, usiifukuze na usiifuate. Ipe chuya inayofuata.

Mwongozaji wako usigombane naye. Ni mtu anayetafuta ukweli, ila ameutafuta kwa njia iliyo hatari kwako kwa sasa. Mweleze faraghani, kabla ya mazoezi, kwamba baba ni msiba wa karibu na huwezi kumweka jukwaani, na umwombe akupe la kufanya badala ya la kukumbuka. Mwambie na habari ya daladala pia. Itamsaidia kazi yake kujua kilichotokea hasa usiku ule alipodhani umehisi. Akishikilia kwamba lazima umkumbuke baba, una haki ya kukataa, na haki hiyo haikupunguzii uigizaji wako.

Mikono kutetemeka nyumbani kunaelezeka. Mwili ukishapumua kwa kilio, moyo ukishaenda mbio, msisimko wake hauishi papo hapo taa zikizimwa, na mwili hauna habari kwamba aliyekufa alikuwa mtoto wa kutunga. Ukipanda gari moja kwa moja unaenda nayo hadi kitandani. Baada ya onyesho weka ungo mahali pake mwenyewe, usimwachie mtu. Nawa mikono na uso, badili nguo zote, tembea kidogo, kula kitu, ongea na wenzako mambo ya kawaida wakikuita kwa jina lako. Na nikuulize: kanga unayojifunga kwenye igizo ni ya nani? Kama ni ile uliyovaa msibani kwa baba, au ya mama yako, irudishe nyumbani leo hii utafute nyingine.

Kuhusu mama, usimpuuze. Pwani yetu inajua ngoma za pepo, na mama ameona binti yake anashikwa na jambo asilolitawala, akalitaja kwa lugha anayoijua. Mimi naona tofauti kubwa kati ya hayo mawili. Aliyepandisha pepo akizinduka mara nyingi husema hakumbuki kilichopita, lakini mwigizaji lazima akumbuke, kwa sababu kesho saa ile ile atatakiwa arudie. Hata hivyo, kwamba mlango uliofunguliwa lazima ufungwe, mama yako yuko sahihi kuliko waongozaji wengi. Mweleze unavyofunga sasa. Ukitaka dua yake kabla ya kwenda ukumbini, ichukue.

Limebaki moja, na hili siwezi kulimaliza kwa maandishi. Kujiona pembeni ukiwa jukwaani, kwa muda mfupi, huku unasikia na kutenda vizuri, hakunitii wasiwasi. Lakini kama wakati huo sauti za watu zinakwenda mbali na mikono unaiona si yako, au kama hali hiyo inakutokea pia sokoni, jikoni au ndani ya daladala, hapo kuna jambo la kuangaliwa na mtu aliye mbele yako. Vivyo hivyo kama usingizi haujarudi majuma mawili baada ya kuacha kumtumia baba, kama picha za kifo chake zinakuvamia mchana bila kuitwa, kama umeacha kula, kama umewahi kuzimia, au kama wazo la kujidhuru au la kutotaka kuishi limekupitia hata mara moja. Hilo la mwisho lisingoje hata siku moja. Mwambie mtu wa nyumbani na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hayo mengine, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uombe kuonana na daktari au muuguzi wa afya ya akili, au mshauri nasaha anayeshughulika na wafiwa. Mwambie kwanza kwamba umefiwa na baba, halafu ndipo umweleze habari za igizo, kwa mpangilio huo. Kwenda kwa sheikh au padri wako pamoja na kwenda hospitali ni vizuri, moja halizuii jingine. Na ikiwa daktari atasema upumzike jukwaani kwa muda, kikundi kitafute mama mwingine wa kuchambua mchele. Usisubiri onyesho la mwisho lipite ndipo uende.